Jibu nilikuwa nalo, ila kwa Kiswahili

Najua nimepotea wiki tatu nzima, na wawili watatu wameshaniuliza kama nimefukuzwa chuo. Sijafukuzwa jamani. Si mnajua tena mambo ya huku: test zimefuatana kama mabasi, boom halijaingia, na upepo wa Chimwaga umeanza ule utani wake wa kukujaza vumbi mdomoni kila ukitaka kusema jambo la maana. Ila mimi mzima, na leo nina kisa.

Kisa chenyewe kinaanza na mchezo, kinaishia Kondoa. Nivumilieni.

Jumamosi jioni tulikuwa kimbwetani, watu sita. Mimi, mwenzangu wa kitanda cha juu, wadada wawili wa darasani kwetu, jamaa mmoja kutoka CIVE (wale wa kompyuta, hawakosi kitu kipya kwenye simu), na rafiki yake. Tulikwenda kusoma, nawaapia. Madaftari yalikuwepo. Basi yule wa CIVE akasema, walimu, pumzikeni kidogo, kuna mchezo wa kukisia sinema za mashujaa, wale wa kuruka na kupaa. Mmoja anafungua chumba mtandaoni, anawapa namba, kila mtu anaingia kwa simu yake. Inatokea picha kutoka kwenye sinema, ina ukungu, halafu inazidi kuwa wazi kidogo kidogo. Una sekunde thelathini kuandika jina la sinema. Ukiwahi unapata alama nyingi. Ukikosea linatokea kosa jekundu, lile lile tunalowawekea wanafunzi kwenye madaftari, na simu inatetema kama inakucheka.

Sasa mimi mdomo wangu huu. Nikasema, kwenye sinema za mashujaa hapa UDOM nionyesheni mtu wa kunishinda. Nikaendelea, eti atakayeshika mkia awanunulie wenzake chipsi mayai, sahani zote. Na boom halijaingia! Mwenzangu wa kitanda cha juu akaniangalia kama mtu anayemwangalia ndugu yake akivuka reli bila kutazama.

Nieleze kwanza kiburi hicho kilitoka wapi. Mimi nimekulia Kibaigwa. Wanaosafiri kati ya Dar na Dodoma wanaijua kwa soko lake la mahindi, malori yamepanga mstari, gunia juu ya gunia. Sisi watoto tuliijua kwa kibanda umiza. Mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao, runinga moja kwenye rafu na spika mbili zilizochoka. Kiingilio shilingi mia mbili, na kama huna, unaokota magunia sokoni mpaka uipate. Humo ndani ndimo nilimowaona wote: mtu buibui, mtu popo, jitu la kijani, yule wa nyundo.

Ila hatukuwaona kwa Kiingereza. Sinema zilikuja zimeshatafsiriwa, sauti ya DJ imepanda juu ya sauti za Wazungu. Nyie mnaifahamu kazi hiyo. Dar es Salaam alikuwepo Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kenya kuna DJ Afro. Uganda wanawaita VJ, na VJ Jingo jina lake linajulikana hadi huku kwetu. Watu hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanasimulia, wanachombeza, wanamwonya shujaa kuwa adui yuko nyuma ya mlango, wanampa kila mtu jina la kumfaa. Kwetu Wolverine hakuwa Wolverine, alikuwa Kucha. Thor alikuwa Bwana Nyundo. Storm, yule mama mwenye nywele nyeupe anayeita mvua, alikuwa Mama Radi. Batman alikuwa Popo, na Joker alikuwa Mcheka Ovyo. Nimeziangalia sinema hizo mara kumi kumi. Nilijua nani kamsaliti nani, nani kafa kweli na nani kafa kwa uongo. Ndiyo maana nilikuwa na uhakika.

Haya, mchezo ukaanza.

Picha ya kwanza: mvua, kijana ananing'inia kichwa chini, msichana anamvuta kinyago. Nani asiyeijua hiyo? Buibui wa kwanza! Vidole vyangu vikaandika "Buibui" kabla akili haijafika. Kosa jekundu. Watu wakacheka. Nikafuta, nikaandika kwa Kiingereza, lakini dada mmoja, yule aliyesoma shule za Kiingereza Arusha tangu chekechea, alishamaliza zamani. Ile ya mwaka 2002.

Picha ya pili: Mcheka Ovyo na rangi zake usoni. Nikasema hapa sasa. Nikaandika "Batman". Kosa jekundu. "Batman 2". Kosa jekundu. Kumbe sinema yenyewe ya mwaka 2008 inaitwa The Dark Knight, na kwenye jina lake hakuna Batman hata kidogo! Sasa mtu wa Kibaigwa utajuaje? Kwenye kibanda ubao wa nje uliandikwa kwa chaki: LEO POPO NA MCHEKA OVYO, SAA 10.

Picha ya tatu, Mama Radi. Hapa hawakuuliza jina la sinema, waliuliza anaitwa nani na mwigizaji wake katika ile ya mwaka 2000 ni nani. Halle Berry. Uso ninao kichwani miaka yote, jina sina. Kilichoniuma ni kwamba nilijua kitu ambacho pale mezani hakuna aliyekijua: kwamba katika hadithi za vitabu, ambako mama huyo alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, mama yake mzazi ni Mkenya, na yeye mwenyewe aliishi Kenya watu wakimheshimu kama mungu wa mvua. Jirani yetu kabisa! DJ wetu alituambia hilo akiwa amesimamisha sinema ili abadilishe CD, na nilipokua nikalitafuta nikakuta ni kweli. Lakini mchezo haukuuliza hilo.

Ikaendelea hivyo. Kila picha najua, kila jibu sina. Niliokoka kidogo tu ilipofika Black Panther. Hii ya mwaka 2018 niliiona nikiwa sekondari, kwa Kiingereza chake, na majina nilikuwa nayo. Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyezaliwa Mexico. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, mmoja wa wale walinzi wanawake wenye vipara. Daniel Kaluuya wa Uingereza, wazazi wake kutoka Uganda. Yaani Afrika Mashariki ilijaa mle ndani.

Likaja swali: Wakanda iko upande gani wa Afrika? Yule dada wa Arusha akaandika Kusini. Ana sababu, maana lugha wanayozungumza mle ni Kixhosa. Mzee John Kani wa Afrika Kusini, aliyeigiza baba yake T'Challa, ndiye aliyekileta Kixhosa tangu kwenye Captain America: Civil War ya mwaka 2016. Lakini nchi yenyewe ya kubuni wameiweka Afrika Mashariki. Nikaandika Mashariki. Vema ya kijani! Nikasimama juu ya kimbweta nikatangaza kwamba sisi wa Dodoma na Singida ndio Wakanda wenyewe, Wakanda ya Kati. Wakanizomea mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Matokeo: dada wa Arusha wa kwanza, mimi wa sita. Kati ya watu sita.

Tulipotaka raundi ya pili bando la mwenye chumba likakata. Wengine nao walikuwa na MB za kusomea meseji tu. Pakawa kimya kidogo, simu zimezimwa, giza limeingia. Yule dada akaniuliza, bila dharau kabisa, "Mwalimu, ile ya Popo na Mcheka Ovyo, DJ wenu alikuwa anaisemaje?"

Basi nikaanza. Nilianza kwa utani, nikabana pua kama DJ mwenyewe. Nilipofika pale kwenye vivuko viwili nikasahau kwamba natania. Mnakumbuka: vivuko viwili vimejaa watu, kimoja raia wa kawaida, kingine wafungwa, kila kimoja kina bomu, na kila kimoja kimepewa kitufe cha kulipua kingine. Anayewahi kubonyeza ndiye anayepona. DJ wetu alivifanya vivuko vya Kigamboni, wafungwa akawavika nguo za Ukonga. Halafu yule mfungwa mkubwa, jitu la miraba minne, anamfuata askari, anakiomba kitufe, kila mtu anajua sasa kwisha habari yetu. Anakichukua. Anakitupa majini dirishani. Anarudi kukaa.

Nilipomaliza, vimbweta vya jirani vilikuwa vimegeuka vyote. Watu kama ishirini. Mmoja nisiyemjua akasema, "Hiyo sinema nimeiona mara tatu, sikuwahi kuielewa hivyo." Tukaenda kula chipsi mayai, nikakopa kwa mwenzangu wa kitanda cha juu, na mpaka leo ananidai.

Sasa hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Usiku nilikosa usingizi. Lile kosa jekundu lilikuwa linaniwaka machoni. Nilikuwa nimekasirika, nikajiuliza, mbona unakasirikia mchezo? Nikagundua sikasirikii kushindwa. Nakasirikia kwamba nilikuwa najua. Kujua kabisa, kuliko wao, halafu kuonekana mjinga kwa sababu kisanduku kile kinakubali jina moja tu.

Ndipo akanijia kijana mmoja wa Kondoa.

Mwaka jana Julai nilikuwa TP kwenye sekondari moja huko wilayani Kondoa. Shule siitaji, kosa ni langu. Nilifundisha Jiografia Kidato cha Kwanza. Watoto hawa, kwa wasiojua utaratibu wetu, wametoka shule za msingi za serikali walikosoma kila kitu kwa Kiswahili miaka yote, halafu wanavuka geti moja tu, na karibu kila somo linakuwa Kiingereza. Siku ile mada ilikuwa mmomonyoko wa udongo. Nikampa kila mmoja swali la mdomo, la alama tano. Kijana mmoja mrefu wa nyuma nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha kuvaa tai, aeleze sababu za mmomonyoko na namna ya kuuzuia.

Akasimama. Akanitazama. Akatazama dirishani. Kimya.

Nikarudia swali, polepole, kana kwamba tatizo ni masikio. Kimya. Nikamwambia, "Kaa chini, hukusoma." Nikaandika sifuri. Kwa kalamu nyekundu.

Jioni tukakutana njiani, mimi narudi nilikopanga, yeye anaswaga mbuzi wa kwao. Akanipa shikamoo kama hakuna kilichotokea. Tukapita kando ya korongo moja kubwa, lenye kina cha kumeza basi. Nikauliza, kupiga soga tu, hili limetokea lini? Huyu bubu wangu wa asubuhi akafunguka! Akanieleza jinsi maji yanavyoshuka mlimani kwa kasi pale ambapo miti imekatwa, yanavyoanza na kijifereji cha upana wa mguu, kikawa mfereji, mfereji ukawa korongo. Akanionyesha mawe waliyopanga kukinga maji, na mkonge uliopandwa ukingoni. Akaniambia babu yake alikuwa na ng'ombe wengi, ukaja mradi wa HADO, wakaambiwa mifugo yote itoke, ng'ombe wakaondolewa. Babu alilia. Halafu nyasi zikarudi.

Kwa faida ya wasomaji: HADO ni Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa serikali ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyoharibika zaidi ili ardhi ipumue. Hapa chuoni tunasomeshwa jambo hilo. Kijana yule alikuwa ananifundisha Jiografia ya chuo kikuu huku anafukuza mbuzi, na mimi asubuhi nilikuwa nimempa sifuri.

Na mnajua nilifanya nini? Nilimsifu, nikasema "hongera, una akili". Basi. Sikurudi kwenye daftari la alama. Wala sikuona kama vitu viwili hivyo vinahusiana. Imebidi nipigwe na mchezo wa kina Buibui ndipo nikaona.

Jumapili nikamsimulia yule dada wa Arusha. Nilidhani atanionea huruma. Hakunionea. Akasema, "Mwalimu, mimi nakuelewa, lakini mtihani wa Taifa hautamsikiliza babu yake. Utamletea karatasi ya Kiingereza. Ukimwachia Kiswahili chake umemfurahisha leo, umemwangusha Kidato cha Pili." Akaendelea, kwamba yeye mwenyewe aliposoma chekechea alikuwa anachapwa akisema neno la Kiswahili, na hakipendi Kiingereza kama watu wanavyodhani, anakijua tu.

Nilitafuta jibu la kumkomesha, sikupata, maana amesema kweli. Yule mtoto atafanya mtihani ule ule. Lakini nikamwambia hivi: mimi sikushindwa mchezo kwa sababu ya Mcheka Ovyo wa DJ. Yule ndiye aliyenipa hadithi nzima. Nilishindwa kwa sababu hakuna aliyewahi kunikalisha akaniambia, "Huyu unayemwita Popo, huko nje wanamwita hivi." Hadithi ninayo, lilibaki jina tu. Na jina ni kazi ya dakika moja. Kijana wa Kondoa naye alikuwa na mmomonyoko mzima kichwani. Kazi yangu ilikuwa kumpa jina, nikampa sifuri. Dada akafikiri, akasema, "Hapo sawa. Ila usiishie kwenye hadithi. Jina umpe kweli."

Tukakubaliana hivyo.

Kwenye mchezo ule unaweza kutengeneza maswali yako, na kwa kila swali unaorodhesha majibu yote yatakayokubalika. Jumapili hiyo hiyo nikakaa na bando la kukopa nikatengeneza chumba changu. Ukiandika Buibui, vema ya kijani, na chini linatokea jina la Kiingereza ulisome. Ukiandika la Kiingereza, vema, na chini linatokea la kwetu. Nikaweka na maswali ambayo mchezo wa wenyewe hauna. Mama Radi mama yake ni wa nchi gani? T'Challa alitokea kitabuni mwaka gani? Ni 1966, mwezi wa saba, miezi mitatu kabla ya chama cha Black Panther cha Marekani kuanzishwa. Na ni kiongozi gani wa chama hicho aliyekuja Tanzania mwaka 1972 akaweka makazi Imbaseni, Arusha? Pete O'Neal. Hilo hakulipata mtu, hata dada wa Arusha mwenyewe! Alichukia kweli kweli.

Matokeo ya raundi hiyo? Alinishinda tena. Kwa alama mbili. Kwenye maswali niliyotunga mwenyewe, jamani.

Lakini sijamaliza. Jumatatu nilimwandikia ujumbe mwalimu aliyenipokea kule Kondoa. Nilimweleza yote, nikauliza kama ile alama inaweza kusahihishwa. Akajibu kistaarabu kwamba alama za mdomo za mwaka jana zilishapita, kijana yuko Kidato cha Pili sasa, na nisijisumbue. Nikamwomba basi amfikishie salamu zangu, na amwambie kuwa jibu lake la njiani lilikuwa tano kwa tano.

Jana jioni akanirudia. Kijana amezipokea salamu, anasalimia sana. Na anauliza, lile korongo kwa Kiingereza linaitwaje?

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku ile tulitembea pembeni ya korongo karibu nusu saa nzima, yeye akanipa kila alichonacho, na mimi mwalimu hata neno moja sikumwachia.

Nimemtumia. Neno lenyewe, maana yake, na sentensi mbili za mfano, moja ya babu yake na ng'ombe. Julai hii nakwenda TP tena, sijui watanipeleka wapi. Kalamu nyekundu nitakuwa nayo, sidanganyi, ndiyo kazi. Ila swali la mdomo nitauliza kwanza kwa lugha ambayo mtoto anaota nayo, halafu tutafute jina pamoja.

Na nyie, mashujaa wenu mliwaitaje kibandani kwenu? Niandikieni, nawaongeza kwenye mchezo. Mwenye boom lililoingia naye aniandikie, kuna mtu wa kitanda cha juu hanisemeshi.

Alamsiki.